Kibati cha Mviringo

Laurenti alikuwa amelala kifudifudi shimoni, mikono yote miwili imeushika waya mnene kama mguu wa mbuzi. Glavu zake zilikuwa zimetoboka na bado zinatoa moshi.

"Asimguse mtu!" Inspekta Alute alipiga kelele kabla hata Landrova haijasimama. "Huo waya umekufa?"

"Umekufa, afande," alijibu fundi wa mashine, mzee Antipasi. "Nimeshafunga waya wa ardhi. Umeme uliobaki umemezwa wote."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Mandewa, mwaka tisini na sita. Kiwanda cha alizeti kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji juzijuzi, na hii ilikuwa siku ya tatu hakina umeme. Waya mkubwa uliofukiwa ardhini ulikuwa na hitilafu. Laurenti na watu wake wawili walikodiwa waitafute.

"Nieleze kama mtoto," Alute alisema.

"Mashine hii ya kwenye lori inapiga umeme mkali ndani ya waya. Pale ulipopasuka, ardhi inalia pu! Unasikiliza, unachimba. Lakini anayeshuka shimoni lazima kwanza achomeke kibati chenye jina lake hapa, nyuma ya swichi. Kibati kikiwepo, hata aje waziri, hupigi."

"Na cha Laurenti?"

"Hakuchomeka. Nilidhani bado yuko juu anasikiliza. Nikafungua waya wa ardhi, nikapiga."

Kweli, kibati kilikuwa kwenye mfuko wa shati la marehemu. Alute alitoa daftari, akaandika: Marehemu hakuchomeka kibati. Uzembe wa marehemu. Kalamu ilikwenda yenyewe, kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani.

Kijana Philipo, mchimbaji, alikuwa amekaa juu ya rundo la udongo.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Mzee alinituma maji kiwandani, afande."

"Mlikuwa mmeishiwa?"

"Dumu lilikuwa limejaa. Hata mimi nilishangaa. Lakini mkubwa akikutuma, unabishana naye?"

"Laurenti alikuwa msahaulifu?"

"Yule? Mwezi uliopita nilisahau kibati, alinitukana mpaka na babu yangu! Sisi vibati vyetu vya mraba. Yeye bosi akajikatia cha mviringo, kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele. Alijipenda!" Alicheka, halafu akalia.

Alute alifunga daftari. Akapanda juu ya lori.

Upepo wa Singida ulikuwa unavuma tangu alfajiri. Vumbi jekundu lilikuwa limeifunika mashine nzima. Ila nyuma ya swichi palikuwa na mahali pasafi, duara kamili. Alikichukua kibati cha Laurenti, akakiweka pale. Kilienea sawasawa, kama kifuniko kwenye kopo lake.

"Mzee Antipasi, njoo uone."

Mzee aliangalia. Hakushtuka.

"Kibati kilikuwa hapa asubuhi yote," Alute alisema. "Vumbi halidanganyi. Nani alikitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Antipasi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kibati kingine, cha mraba, kimeliwa na kutu. Herufi zilisomeka bado: GASTO.

"Unalikumbuka jina hili, afande?"

Alute alilisoma mara mbili.

"Itigi, mwaka themanini na nane. Gasto ni mdogo wangu, tumechangia mama. Alishuka shimoni, kibati chake kipo kwenye swichi. Lakini mkubwa mmoja alikuwa anakuja na treni, taa zikatakiwa ziwake haraka. Laurenti akakitoa kibati, akapiga. Halafu akakitia mfukoni mwa marehemu."

"Umejuaje?"

"Alisema mwenyewe, mwaka jana tukiwa Shelui. Pombe ilimfungua mdomo. Alikuwa anacheka, afande! Hakujua anamsimulia nani. Nikamnunulia nyingine, nikacheka naye. Toka siku hiyo nilikuwa nangoja shimo lake."

"Ungekuja kwetu."

"Kwenu?" Mzee alitema mate chini. "Itigi alikuja konstebo mmoja kijana. Hata kwenye lori hakupanda. Akaandika, uzembe wa marehemu. Konstebo huyo ni wewe. Ungeangalia vumbi siku ile, Laurenti angekuwa jela, mzima. Leo nilitaka vitu viwili tu. Laurenti afe kama Gasto, na wewe uandike kama ulivyoandika. Cha kwanza nimekipata. Cha pili, nusura unipe."

Alinyoosha mikono. Alute alimfunga pingu.

"Nitalifungua jalada la Itigi, mzee. Nitaandika upya."

"Utamsomea nani? Mama amekufa akiamini mwanae alikuwa mzembe."

 Alute alikaa kwenye ngazi ya lori, akafungua daftari, akaukata ule mstari wa uzembe wa marehemu. Safari hii kalamu haikwenda yenyewe.