Egemea Wewe Kwanza

Kila asubuhi kazi ilianza kwa sala. Mafundi walizima redio, wakavua kofia, wakasimama katikati ya mageti na vitanda vya chuma ambavyo havijaisha. Mwenye karakana aliomba. Aliomba vizuri, kwa sauti ya upole, bila haraka. Alipomaliza, mafundi waliitika amina. Hapo ndipo mashine zilipoanza kupiga kelele na majirani wakaanza kununa.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa kanisa. Kwa Mama Rangi alikuwa shemeji, kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemfundisha mumewe kuchomelea vyuma. Ndiye aliyewapa chumba cha kuishi nyuma ya karakana. Alikuwa mkarimu, tuseme kweli. Ila alikuwa na neno lake moja. Fundi akisema kipimo kimekosewa, alijibu, "Usihukumu." Mteja akirudisha dirisha lisilofunga, alijibu, "Ndugu yangu, usihukumu." Basi mafundi walimpa jina la Mzee Usihukumu, na walilitaja akiwa mbali.

Mama Rangi naye alipewa jina kwa sababu ya kazi yake. Chuma kikishachomelewa, kililetwa kwake. Alikisugua kwa msasa, kisha akakipaka rangi. Hata kanisani alikwenda na rangi ya kijani kwenye kucha, na waliomcheka aliwaambia wao pia wamepaka, tofauti ni duka walikonunua tu.

Wiki ile karakana ilikuwa na kazi kubwa. Walikuwa wakitengeneza reli ya ngazi za kliniki mpya ya mama na mtoto. Reli hiyo ni chuma cha kushikia na kuegemea, kuanzia chini mpaka kwenye baraza ya ghorofani. Wajawazito wangeishika wakipanda. Wenye watoto mgongoni wangeiegemea wakisubiri zamu yao.

Kipande cha barazani kilikuwa tayari. Mafundi walikifunga kwa boliti kwenye ukingo wa jukwaa la kupakilia mizigo, ili Mama Rangi akipake rangi kikiwa kimesimama. Alianza kusugua. Msasa ulipopita kwenye kiungo cha kwanza, vumbi jeupe lilianguka. Akasimama. Chuma hakitoi vumbi jeupe.

Akasugua tena. Ilikuwa puti, ule udongo laini wa kuzibia matundu kabla ya rangi. Ilibanduka, na chini yake akaona ufa. Nguzo ilikuwa imeshikizwa kwa nukta mbili ndogo za moto, basi. Akaenda kiungo cha pili, akakuta hivyo hivyo. Cha tatu pia.

Alimwendea Mzee Usihukumu mbele ya mafundi wote.

"Shemeji, reli hii haijachomelewa."

"Imechomelewa."

"Imezibwa kwa puti."

"Kazi imechelewa, shemeji. Jumatatu reli inafungwa huko kliniki. Wewe paka rangi."

"Mtu akiiegemea ataanguka."

Mzee alitabasamu kwa huruma. "Nani amekufanya hakimu? Bwana wetu alisema tusihukumu. Au siku hizi neno lake limebadilika?"

Mafundi wakaangalia chini. Mumewe akajifanya anatafuta koleo.

Mama Rangi alipandwa na hasira. "Wewe ni mnafiki," alisema. "Unasali kwa mdomo na unaua kwa mikono. Motoni kuna nafasi yako, imeshafagiliwa."

Akatupa msasa, akatoka mpaka bombani, walipokuwa wanawake wengi wakichota maji. Akawasimulia yote. Kabla ya mchana habari ilikuwa imeota miguu na mikono. Mmoja alisema mzee amepunja kliniki. Mwingine akasema huenda hata sadaka za kanisa anazigusa. Hilo la sadaka Mama Rangi hakulisema. Lakini alilisikia, na hakulikanusha. Aliona utamu wake.

Jirani yake aliitwa Dada Macho. Alikuwa muuguzi katika chumba cha macho hospitalini. Jioni ile alikuwa anaanika sare zake, akamwona Mama Rangi amekaa mlangoni na uso umekunjamana.

"Nasikia umeshampeleka shemeji yako motoni," alisema.

"Anastahili."

"Ulimsindikiza mpaka ndani au ulimwacha mlangoni?"

"Dada, usinifanyie mzaha. Na kama na wewe umekuja na hilo neno la usihukumu, rudi kwako."

"Sijaja nalo. Nieleze kwanza."

Mama Rangi alimweleza. Alimweleza puti, nyufa, na wajawazito watakaosimama pale juu. Dada Macho hakutania tena. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mafundi wenu huletwa kwangu," alisema. "Kipande cha chuma kimeruka, kimeingia jichoni. Unajua ninafanya nini kwanza?"

"Unakitoa."

"Hapana. Nanawa mikono. Nafuta miwani yangu. Nikimgusa nikiwa sioni vizuri, nitamtoboa jicho."

"Halafu unakitoa."

"Halafu nakitoa. Sasa fikiria nimeshanawa, nimeshafuta miwani, kisha namwambia mgonjwa: nenda nyumbani, mimi ni nani hata niguse jicho lako?"

Mama Rangi alicheka bila kupenda. "Utakuwa umerukwa na akili."

"Na yeye atakuwa kipofu. Mimi nitajisifu kwamba ni mpole. Basi neno la Yesu ndivyo lilivyo, ila watu huishia nusu. Alisema utoe kwanza boriti iliyo jichoni mwako. Kwa nini? Ili uone vizuri, ukitoe kibanzi cha ndugu yako. Mwisho wa neno lile ni kibanzi kutoka. Hakusema kibaki humo."

"Sasa mbona alisema tusihukumu?"

"Kuhukumu ni kukalia kiti cha Mungu na kufunga kesi ya mtu. Huyu hafai, huyu wa motoni, basi. Hicho ndicho ulichofanya leo. Lakini kusema kiungo hiki kimepasuka, hiyo si hukumu, mama. Ni kusema kweli. Yesu alikemea uovu waziwazi, na bado alikula meza moja na wenye dhambi. Hakuuita uovu wema ili apendwe."

Mama Rangi aliinua uso. "Haya, boriti yangu ni ipi? Mimi sichomelei."

"Puti hii umeiona leo kwa mara ya kwanza?"

Swali lile lilimchoma. Alikumbuka reli ya baraza ya shule. Siku ile pia vumbi jeupe lilianguka. Alijiambia kwamba ni viungo vichache tu. Alijiambia kwamba mafundi wanajua kazi yao. "Niliiona pia kwenye reli ya shule," alisema.

"Nani aliipaka rangi?" Dada Macho aliuliza kwa upole.

Mama Rangi aliona aibu kweli. Alikuwa na watoto shuleni pale. Alilia, na jirani yake akamwacha alie.

"Sasa unaona vizuri," Dada Macho alisema baadaye. "Mwendee peke yake. Si mbele ya mafundi, wala si bombani. Asipokusikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Asipowasikia, ndipo lifike kanisani. Ndivyo Yesu alivyotufundisha. Na uende kumpata ndugu yako, si kumshinda."

"Na Jumatatu ikifika kabla ya kanisa kukaa?"

"Usisubiri kikao. Nenda kliniki ukamwambie daktari. Mtu akiwa hatarini, hatari ndiyo inashughulikiwa kwanza."

"Shemeji atatufukuza."

"Huenda. Sikudanganyi."

Mama Rangi alianza na bombani. Aliwaambia wanawake kwamba lile la sadaka ni uongo, na kwamba alifanya kosa kumtangaza shemeji yake. Wengine walikunja midomo. Uongo ulikuwa umewanogea.

Kisha alimweleza mumewe. Mumewe alisikiliza, akashika kichwa.

"Tutalala wapi?"

"Sijui. Lakini sipaki."

"Kaka ndiye aliyenilea."

"Ndiyo maana sitaki awe na damu ya mtu mikononi."

Mumewe aliiangalia mikono yake. Halafu akasema, "Viungo vile ni vyangu. Kaka aliniambia nishikize tu, nami nikashikiza. Nilijua."

"Basi kesho usije ukatafuta koleo," Mama Rangi alisema.

Asubuhi, kabla ya sala, alimkuta Mzee Usihukumu peke yake ofisini.

"Shemeji, jana nilikutukana mbele ya watu. Nilisema wewe ni wa motoni. Hilo si langu kusema. Nikaenda kukutangaza bombani. Naomba unisamehe."

Uso wa mzee ulifunguka. "Nimekusamehe, shemeji. Hayo ndiyo maneno ya mwanamke mcha Mungu. Brashi yako iko pale."

"Nimeomba msamaha kwa matusi. Sikuomba msamaha kwa ukweli. Reli ile sipaki."

Uso ukafungika tena. "Unaanza tena kuhukumu."

"Sikuhukumu. Moyo wako anaujua Mungu. Mimi najua kiungo kilichopasuka nikikiona. Na nina kosa langu pia. Nilipaka ile ya shule huku nikiona. Sitarudia, hata kama wewe ni mzee wa kanisa, hata kama ni shemeji yangu, hata kama tunalala kwako."

"Chumba kile ni changu."

"Ni chako. Tukihama tutakiacha safi. Lakini sipaki."

Mzee aligeuka, akaangalia dirishani. Mama Rangi alitoka, akarudi na mumewe na Dada Macho. Wote wanne wakaenda kwenye jukwaa la mizigo, ilikofungwa reli. Nyuma ya reli ile palikuwa na shimo la kuegeshea lori, refu kupita mtu, na chini yake ni saruji tupu.

"Mmekuja kunishitaki?" mzee aliuliza.

"Tumekuja kuomba kitu kidogo," Mama Rangi alisema. "Unasema reli ni nzima. Iegemee. Egemea wewe kwanza, kwa uzito wako wote, kabla ya mjamzito."

"Huo ni utoto."

"Basi ufanye, tuondoke zetu."

Mzee aliweka kiganja juu ya reli. Alikiweka taratibu. Miguu yake ilibaki nyuma, na mwili wake ukabaki nyuma pamoja na miguu. Alisimama hivyo kwa muda, mkono umegusa na uzito haujaenda. Jasho likamtoka. Kisha akauondoa mkono.

"Kaka," mume wa Mama Rangi alisema, "mimi ndiye niliyeshikiza. Tumekosa wote. Tuanze upya."

Mzee alikaa kwenye kitanda cha chuma kisicho na godoro. "Wateja watanicheka," alisema.

"Wacheke," Dada Macho alijibu. "Kicheko hakivunji mgongo wa mtu."

Alikaa pale mpaka mafundi walipokuja kwa ajili ya sala. Siku hiyo hakuomba sala ndefu. Aliwaambia kwamba kazi ya kliniki ni mbovu, kwamba ni yeye aliyeruhusu, na kwamba inakatwa yote. Kisha akavaa miwani ya kazi, akaichukua mashine ya kukatia mwenyewe. Cheche ziliruka. Alimpigia simu daktari wa kliniki, akamwambia reli itachelewa na sababu yake. Daktari alikasirika sana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, wala hakumwambia asihukumu.

Walichomelea upya, kila kiungo mzunguko mzima. Reli ilipokuwa tayari, mzee aliiegemea wa kwanza. Mafundi wakajipanga mmoja mmoja, na yule mnene kuliko wote wakamsukumia kwa makelele na vicheko. Reli haikusogea. Mama Rangi akafungua kopo la rangi.

Alikuwa bado anapaka mzee alipokuja kusimama karibu naye.

"Na ile ya shule?" aliuliza.

Mama Rangi aliweka brashi chini. "Twende leo."

Walikwenda watatu, wao wawili na mume wa Mama Rangi. Waliongea mbele ya mwalimu mkuu bila kupunguza neno, kila mmoja akataja alichofanya. Baraza ilifungwa siku hiyo hiyo, na watoto wakasomea ghorofa ya chini mpaka reli ilipobadilishwa. Mzee aliwaeleza pia wazee wenzake wa kanisa. Wakamwambia apumzike uzee wa kanisa kwa muda. Alikubali. Chumba cha nyuma hakikutajwa tena.

Lakini si kila mtu alifurahi. Jumapili, mwanamke mmoja alimzuia Mama Rangi mlangoni pa kanisa.

"Wewe ndiye uliyemhukumu mzee wetu," alisema. "Mzee wa watu, leo anakaa nyuma kwa sababu yako."

"Sikumhukumu," Mama Rangi alisema, na hakushusha sauti. "Ningekuwa nimemhukumu, ningenyamaza. Ningesema huyu ndivyo alivyo, hana dawa. Ningepaka rangi yangu, nikaenda zangu, nikamwacha apotee. Nilisema kwa sababu ni ndugu yangu. Na nikiona tena nitasema tena, awe yeye, niwe mimi, au uwe wewe."

Akampita, akaingia ndani. Viti vya mbele vilikuwa wazi. Hakwenda huko. Alikwenda nyuma kabisa, akamwambia shemeji yake asogee kidogo, akakaa.