Usichomoe Hiyo Diski

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma kwa dobi, joto la pasi halina mahali pa kutokea. Wanaume watatu, meza moja, kompyuta moja.

Kipara, bosi wao, alirudia mpango.

"Mwanamke wa leo anachora ramani za nyumba. Kazi zote anafanyia kwake, wateja wanamkaba koo. Jana kafungua barua pepe yetu, kwa hiyo tuko ndani ya kompyuta yake. Bado diski ya akiba. Hatufungi kitu mpaka aichomeke. Tukiwahi, atarudisha nakala zake, sisi tubaki tunapiga miayo. Kufuli, umenielewa?"

"Poa."

Kufuli ndiye aliyetengeneza programu ya kufunga mafaili ya watu mpaka walipe. Waliolia hakuwaona, na asiowaona hawakumnyima usingizi. Ufunguo wa kufungulia alikaa nao Kipara, na Kipara hakuwahi kuutoa, hata kwa waliolipa.

Saa nne na robo. Sukari, msemaji wa genge, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, akapiga simu na kuweka spika.

"Habari za asubuhi, dada? Napiga kutoka kampuni ya intaneti. Kuna virusi vibaya mtaani kwenu. Chomeka diski yako, hifadhi kila kitu, na usiichomoe mpaka nikwambie."

"Jamani, asante kaka! Peke yangu ningejulia wapi?"

Kufuli akainua kichwa. Sauti ile ndiyo iliyomfundisha kuhesabu. Alikuwa dada yake, wa tumbo moja.

Diski ikatokea kwenye skrini. Akaifungua haraka. Ramani, ramani, halafu folda moja: SAUTI ZA MAMA. Mama yao alizikwa Kufuli akiwa rumande. Kwa majina ya mafaili, dada alikuwa amemrekodi kitandani hospitalini, akicheka, akigomba, akimuulizia mwanawe wa mwisho. Kompyuta ile na diski ile. Mahali pengine popote sauti hizo hazikuwepo.

Kufuli akaziba simu kwa kiganja. "Bosi, huyu tumwache. Hana kitu."

"Unanichekesha. Nakala ziishe, ufunge."

Kipara akaenda dirishani kutafuta hewa. Vidole vya Kufuli vikakimbia. Kwenye skrini ya dada yake yakatokea maneno: HAO NI MATAPELI. CHOMOA DISKI SASA HIVI.

Akasubiri. Diski haikutoka. Spika ndiyo iliyoongea.

"Kaka, kuna maneno hapa yanasema nyie matapeli, nichomoe diski. Nifanyeje?"

Sukari akageuka polepole, akamtazama Kufuli.

"Usichomoe, dada. Hao ndio wezi wenyewe."

"Nilijua tu!"

Kipara alikuwa amesharudi mezani. Bastola ilikuwa mkononi.

"Funga," alisema.

Kufuli aliogopa. Akaiinamia simu.

"Dada! Ni mimi, kitindamimba wenu! Chomoa!"



"Wewe? Mungu wangu, uko wapi? Tumekutafuta mpaka..."

"Chomoa kwanza!"

Kipara akampiga kikumbo, akabonyeza mwenyewe. Mafaili ya kompyuta yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Diski haikuwemo. Ilikuwa imeshachomolewa.

Kwenye spika dada alikuwa bado anamwita kwa jina lake la utotoni. Sukari akakata simu.

Bila kuishusha bastola, Kipara akafungua mlango kidogo, akamwomba dobi aongeze sauti ya redio.