Zamu ya Mashoto

Watu wakisimulia mambo kama haya husema yalimpata jirani, au binamu wa rafiki yao. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Yalinipata mwenyewe, na sehemu kubwa niliyafanya kwa mkono wangu huu wa kulia.

Ilikuwa Jumanne, saa za alasiri. Nilikuwa nimeanua nguo na nimekaa jikoni nikikunja mashuka. Nilifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu mikono yangu haiwezi kukunja shuka ovyo. Mkwe wangu akabisha hodi. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu mpole. Binti yangu aliyekuwa mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, lakini hakuacha kuniita mama wala kuja kunijulia hali. Siku hiyo alikuja na mke wake mpya.

Mke huyo ni msusi, mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini. Hajanikosea hata siku moja, nami naliandika hili ili haki itendeke. Lakini tangu siku ya harusi yao, moyoni nilimwita Mgeni, na sikuwahi kumwita vingine.

"Mama, tumekuja na ombi," mkwe wangu akasema, akizungusha kofia mikononi. "Tunaanza matibabu. Ya kupata mtoto. Kliniki ile ile."

Kliniki ile ile. Nikakunja shuka moja mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Binti yangu tulimwita Mashoto, maana kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alipata kisukari akiwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchoma sindano, mpaka alipofikisha kumi na miwili akaninyang'anya kazi. Alikuwa na tabia moja mbaya: aling'oa kifuniko cha sindano kwa meno. "Hayo ni meno au koleo?" nilimgombeza, naye alicheka, na mwanya wake wa mbele ukaonekana wote. Kila kifuniko alichokitupa kilikuwa na alama mbili za meno na nafasi katikati. Aliolewa, akakaa miaka saba bila mtoto. Mwishowe kliniki ya uzazi ikampa tarehe ya kuanza mzunguko wa kwanza wa kupandikiza mimba. Siku nane kabla ya tarehe hiyo, sukari ilimpanda na hakuamka. Tarehe yake ilifika, ikapita, bado tunapokea pole.

"Sindano ni kila jioni, saa kumi na mbili kamili, siku kumi," mkwe wangu akaendelea. "Sasa mimi, mama, unanijua."

Namjua. Anashika nyaya za umeme kama anashika kamba za viatu, lakini akiona sindano hutoka jasho mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Na mimi sina mama," Mgeni akasema. "Jirani sitaki ajue. Saluni wananisema vya kutosha. Jana mteja mmoja kaniuliza, 'Wewe utasuka vichwa vya watoto wa wenzio mpaka lini?' Nikacheka naye, nikammalizia mistari yake, kisha nikaenda kulia chooni." Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu yangu. "Mkono wako unajua kazi, mama. Na tunaomba radhi zako pia. Bila radhi zako siwezi kuanza."

"Radhi mnazo," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Walipoondoka nilisali. Sikuomba wafanikiwe, wala sikuomba washindwe. Niliogopa kumpelekea Mungu ombi baya. Niliomba hivi: "Ee Mungu, mpe kila mtu zamu yake." Nikaona nimeomba kwa haki. Nikalala vizuri.

Siku mbili za kwanza hapakuwa na la ajabu. Nilifika nyumbani kwao saa kumi na moja na nusu. Mapazia yalikuwa mapya na vyombo vimehamishwa kabati, lakini friji ndogo iliyokuwa ikihifadhi dawa za Mashoto ilikuwa palepale kwenye kona ya jikoni. Ndani yake kulikuwa na boksi la sindano, kila moja imeshajazwa dawa na kufungwa kwenye karatasi yake. Nilinawa mikono, nikapangusa tumbo la Mgeni kwa spiriti, nikabana nyama kidogo, nikachoma. Yeye aligeuza uso ukutani mpaka nimalize, kisha akaweka alama kwenye kalenda.

"Daktari anasema wanaweza kuwa wawili," aliniambia siku ya pili, kiganja chake kikiwa juu ya tumbo. "Wakiwa wawili, mama, mmoja nitakuletea wewe umlee."

Nikatabasamu. Lakini njiani kurudi nilijikuta nimeuma shavu langu kwa ndani mpaka likatoka damu. Nilidhani wivu ni ugonjwa wa wasichana. Kumbe mzee akiupata ni kama surua ya ukubwani, hukaribia kuua. Mwanangu alivumilia miaka saba. Huyu, mwaka mmoja na nusu tu. Kliniki ya mwanangu, friji ya mwanangu, mume wa mwanangu. Na mkono wa mama wa mwanangu.

Siku ya tatu nilifungua friji nikatoa sindano. Karatasi yake ilikuwa imefungwa vizuri. Nikaichana.

Sindano ilikuwa tupu.

Si kwamba imevuja. Bomba lilikuwa kavu, na kisukumio kimeshuka mpaka chini, kama cha sindano iliyokwisha kutumika. Nikatazama kifuniko. Kilikuwa na alama mbili za meno. Na nafasi katikati.

Jikoni kulikuwa kimya. Hata friji iliacha kunguruma. Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, mtu akavuta pumzi.

"Zamu yangu, mama."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti kimoja, kimesogezwa mbali na meza, kama anavyokiweka mtu anayetaka kufunua tumbo lake achome sindano.

"Mama!" Mgeni akaita kutoka chumbani. "Saa kumi na mbili hiyo!"

Naomba nieleweke hapa, maana hapa ndipo palipo na dhambi yangu. Nilikuwa na muda wa kusema. Ningeweza kumwita mkwe wangu, ningeweza kupiga simu kliniki, wangetuletea dawa nyingine siku hiyo hiyo. Nilisimama nikiwa nimeishika ile sindano tupu, nikasikiliza moyo wangu. Haukuwa na hofu peke yake. Ulikuwa na furaha.

Nikaenda chumbani. Nikapangusa. Nikabana. Nikamchoma kwa sindano isiyo na kitu.

"Tayari?"

"Tayari."

"Leo haijauma kabisa," akasema, bado anatazama ukuta. "Una mkono mwepesi, mama. Unanidunga kama mwanao."

Ikawa hivyo siku ya nne. Ikawa hivyo siku ya tano. Nilianza kufika mapema ili nikae jikoni peke yangu. Sikuona mtu. Nilisikia tu. Mlango wa friji. Karatasi ikichanika. Pumzi ikibanwa, kama alivyoibana akiwa na miaka tisa. Lakini nikitazama boksi, karatasi zote zilikuwa nzima.

"Inauma?" nilinong'ona siku moja.

Kitu kikaanguka sakafuni, kikabingirika mpaka kikagusa mguu wangu. Kilikuwa kifuniko. Nilikiokota.

Kilikuwa bado na mate.

Siku ya sita niliwasindikiza kliniki. Daktari, mwanamke mwenye miwani mikubwa, alimlaza Mgeni akampima kwa ultrasaundi. Alitazama muda mrefu, kisha akakunja uso.

"Vifuko vya mayai havijakua hata kidogo. Ni kama mwili haujaona dawa. Mnadunga kwa wakati?"

"Saa kumi na mbili kamili, daktari," Mgeni akajibu haraka. "Huyu mama hakosei hata dakika."

Daktari akanitazama. Nami nikamtazama. Uso wa mjane mzee, mcha Mungu, nani atautilia shaka?

"Basi tuongeze dozi," akasema. "Ziwe mbili kila jioni."

Zikawa mbili. Na kila jioni nikakuta mbili tupu, na vifuniko viwili vimeumwa.

Siku ya kumi walirudi kliniki, na safari hii sikwenda nao. Nilikuwa nawasubiri kwao walipoingia. Mgeni hakuvua hata viatu. Alikuja moja kwa moja akaweka kichwa mapajani mwangu.

"Wamesimamisha. Hakuna hata yai moja." Mabega yake yalitetemeka. "Mwili wangu una nini, mama? Nimemkosea nani?"

Mkwe wangu alisimama mlangoni akijifuta macho kwa kofia. Nami nikamshika Mgeni kichwa, nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu."

Nina miaka sitini na minne. Kabla ya siku ile sikuwahi kumsingizia Mungu. Mgeni akauchukua mkono wangu wa kulia, ule ule, akaubusu.

Mwezi wa nne baada ya hapo ndipo nilipoona kaburi limebadilika. Huwa nakwenda kila Jumapili kung'oa magugu. Udongo wa kaburi la Mashoto ulikuwa umekwisha kushuka na kuwa sawa na ardhi. Jumapili hiyo ulikuwa umeinuka katikati, mviringo, laini.

"Mchwa hao, mama," mtunza makaburi akaniambia. "Mchwa hawana adabu, hata marehemu wanamjengea." Akasawazisha kwa jembe. Jumapili iliyofuata palikuwa pameinuka zaidi. Akakuna kichwa. "Duh! Hawa wamekuja na mkandarasi wao."

Nikacheka. Nikamwomba asiguse tena.

Nikaanza kuhesabu majuma. Mwezi wa saba niliweka kiganja juu ya ule udongo. Kulikuwa na baridi asubuhi ile, na umande umelowesha kila kitu, lakini pale palikuwa na joto. Nikatulia. Kitu kikanisukuma kutoka chini. Mara moja. Kama kisigino.

Sikukimbia. Niliinama nikapabusu.

Mwezi wa tisa ulipotimia nilisafisha nyumba yangu. Nilikata mashuka ya zamani, yale yaliyolainika kwa kufuliwa, nikayapinda na kuyakunja vipande vidogo. Nilitandika kitanda cha pili. Jioni niliacha mlango wazi, nikakaa kwenye kiti nikautazama, nikasali sala zote ninazozijua. Kulikucha. Hakuna aliyeingia.

Nikaenda makaburini bila hata kunawa uso.

Udongo ulikuwa umedidimia. Pale palipokuwa na mwinuko palikuwa na shimo. Ubavuni palikuwa na tundu, upana wa bakuli dogo, na udongo wake umemwagika nje. Umesukumwa kutoka ndani. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye matope kulikuwa na alama za viganja na magoti. Kiganja kimoja kingeenea kwenye kijiko cha supu.

Nilizifuata nikiwa nimeinama. Zilipita kati ya makaburi. Zilifika getini. Ukitoka pale getini, kushoto ndiyo njia ya kwangu. Kulia ni njia ya kwa mkwe wangu.

Zilipinda kulia.

Nilikuwa bado nimesimama hapo simu ilipolia. Alikuwa Mgeni, akinong'ona.

"Mama, njoo. Usimwambie mtu."

"Kuna nini?"

"Nimeamka gauni limelowa kifuani. Ni maziwa, mama. Yanatoka yenyewe. Nami sina mimba, unajua sina mimba. Naogopa. Lakini sijui kwa nini... sitaki yakatike."

Nikashika nguzo ya geti. Katika maswali yote ya duniani, nikajikuta nauliza moja tu.

"Amelala?"

"Nani, mama?" akauliza.

Na hapo, karibu na simu kuliko mdomo wake, nikasikia kitu kikinyonya.

Nilikata simu. Siku ile sikwenda, wala kesho yake. Mimi ndiye bibi yake. Mimi ndiye niliyeficha, niliyehesabu majuma, niliyekesha mlango ukiwa wazi. Lakini mtoto huenda penye ziwa, na mimi langu lilikauka zamani. Nasali kila siku niondolewe kinyongo hiki. Bado.

Miezi mitatu imepita. Daktari amempima Mgeni damu na kila kitu, haoni sababu. Mgeni mwenyewe amenenepa, na saluni wanasema ameanza kuimba akisuka. Ananiambia maziwa hayajakatika, na kwamba kila asubuhi, saa kumi na moja, anapoamka, ziwa moja huwa limejaa mpaka linauma, na lile lingine ni tupu.