Kilichokalia Nyayo za Selestini

Jumatatu, tarehe 13 Machi 1995, saa saba mchana, Selestini alirudi kutoka shamba la pamba na ndala moja. Mguu mwingine ulikuwa peku, unavuja damu.

"Baba Salu, ndala nyingine iko wapi?" mkewe Felisita aliuliza.

Akautazama mguu kama wa mtu mwingine. "Sikujua imetoka."

Tangu siku ile, kila akijilaza, alisema kuna kitu kimekalia nyayo zake, kinaziunguza, kisha vijidudu vinapanda. Felisita alisogeza chemli asione hata sisimizi. Palikuwa na harufu tu, kama kitunguu saumu kilichooza, na kamba za kitanda zikilia zenyewe chini ya miguu ile iliyotetemeka, iliyokuwa ikikonda huku mwenyewe akiikodolea macho.

"Ni jini," Nyanjige, mama yake Selestini, alinong'ona. "Usilitaje kwa sauti, mwanangu."

Mganga akaletwa kutoka upande wa Mwanhuzi. Alifukiza chumba, akachinja kuku mweusi. Felisita alibaki nje na rozari yake.

"Limeondoka," mganga akasema.

"Basi limeondoka na miguu yangu," Selestini akajibu.

Siku aliposhindwa kusimama, walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari aliuliza polepole: kisukari? Pombe? Aliwahi kutumia dawa za kifua kikuu? Ukoma kwenye ukoo? Yote hapana.

"Kitandani kuna kunguni?"

"Walikuwepo," Felisita alisema. "Nikapaka kamba ile sumu ya kupulizia pamba. Siku hizi ushirika hauleti, tunanunua gulioni, kwenye chupa ya soda."

"Ulipaka mara moja?"

"Kila aliposema vijidudu vinapanda, niliongeza."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, vile vijidudu vilikuwa mishipa yake ya fahamu ikifa kwa sumu ile."

Pumzi ya Selestini ilikatika kabla ya Pasaka.

Nyanjige bado anasema ni jini. Felisita habishani naye, maana adhuhuri, watoto wakiwa shuleni, harufu ile huingia bila mlango kufunguliwa, humzunguka, hushuka taratibu mpaka kwenye vidole vyake mwenyewe vya miguu, navyo huwaka, kisha hufa ganzi, asijue kama bado vimegusa sakafu anapopiga magoti na kusema:

Bwana, mpokee Selestini. Alilala pale nilipomtandikia. Umpe kulala kwako pasipo maumivu, na mwanga usiozimika. Amina.