Mstari wa Maji Matupu

Jumamosi ile ya Oktoba 2016, kando ya Joubert Park, jijini Johannesburg, hapakuwa na pa kuweka mguu. Victorine, Mkongomani wa Uvira, alikuwa amevaa kitenge cha manjano, kilemba amekifunga kwa madaha, na mbele yake mafungu ya lenga-lenga, mboga ambayo Watanzania huiita mchicha. Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri akainama, akaokota fungu moja na kuanza kuligeuza jani moja moja.

"Papa, unanunua ao unalipima homa?" Victorine akamwuliza.

"Natazama rangi, bibie. Mchicha huu umepungukiwa damu."

"Eish! Sasa lenga-lenga yangu iko na damu? Nunua ao uende, usinifukuzie bateja!"

Kijana akacheka. Aliitwa Mselem, mtu wa Pemba, mwajiriwa wa shirika la lishe lenye bustani juu ya paa la ghorofa moja katikati ya jiji. Kazi yake ilikuwa kupulizia mboga maji ya mwani, ili majani yakue upesi na yawe na madini ya chuma kwa wingi. Akanunua mafungu matatu asiyokuwa na haja nayo. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Mwanamume hali mchicha kiasi hicho bila sababu.

Kufikia Machi walikuwa wamependana hata wapita njia wakajua. Mselem akampa ufunguo wa bustani, jambo ambalo hakuruhusiwa, ili achume mboga za pembezoni akauze. Jioni walipigiana simu mpaka chaji ikawakimbia.

"Chéri, umekula?"

"Nitakulaje, na wewe huko mbali?"

"Bongo yako, muongo we! Sema, unaenda lini kwa kaka Gaston?"

"Mkataba wangu ukiongezwa tu, mpenzi. Mwezi wa tano wanapima majani. Mboga zangu zikishinda, Jumapili hiyo hiyo niko kwake Turffontein na koti langu, kukuposa."

Gaston, kaka yake Victorine, alikuwa mlinzi, na ndiye aliyemlea. Alishasema waziwazi kwamba dini ya Mselem ataivumilia, lakini mume asiye na kazi hamtaki mlangoni kwake. Kwa hiyo ndoa nzima ilikuwa juu ya lile paa.

Kule juu palikuwa na mstari mmoja ambao Mselem aliupulizia maji matupu. Huo ulikuwa wa kulinganishia. Mboga za mwani zisipouzidi, basi mwani hauna faida. Hayo hakumweleza Victorine, na hapo ndipo alipokosea. Alimwambia tu, "Huu usiuguse."

Victorine akauona mstari ule unavyozidi kunyong'onyea, akahofia wakubwa watamlaumu mpenzi wake kwa uzembe. Ijumaa tatu mfululizo, Mselem alipokuwa msikitini, alipanda paani, akajaza bomba maji ya mwani, akayapulizia yale majani mpaka yakang'aa. Hakumwambia mtu. Alitaka Mselem ashtuke siku ya kupima, afurahi.

Siku ya kupima ilipofika, mistari yote ikatoka sawa. Kurudia hakukuwezekana, kwa sababu baridi ilikwisha kuunguza miche. Mkataba haukuongezwa.

Mselem akaacha kupokea simu. Siku tisa Victorine alipiga bila kujibiwa. Akajiambia kwamba ni dini, kwamba kuna msichana wa Pemba aliyetafutiwa na mama yake. Alilia mbele ya wateja bila haya. Siku ya kumi, Tumu, msusi aliyepanga nyumba moja na Mselem, akamjia mbio.

"Dada, umekaa tu? Mwenzio hana kazi tena. Anapanda basi sasa hivi, arudi kwao!"

Victorine akaziacha mboga palepale. Alimkuta kituoni Park Station, amesimama kwenye foleni na begi moja.

"Unaenda bila kuniaga? Kama ni dini, sema tu, ntaelewa."

"Si dini, Vicky."

"Basi juu ya nini? Mboga zote zilikuwa muzuri! Hata ule mustari wa mwisho nilikusaidia kuupuliza, ulikuwa unakufa..."

Mselem akafumba macho. "Najua," akasema.

Ijumaa ya tatu alirudi mapema, akakuta majani yamelowa na yananuka mwani. Akamweleza pale pale kazi ya mstari ule. Victorine akaketi juu ya begi.

"Ulijua, na haukubaambia bakubwa?"

"Wangeuliza ufunguo nimempa nani. Makaratasi yako yamekwisha muda tangu Februari. Ungerudishwa Uvira."

"Ungeniuliza miye."

"Ungejibu nini?"

"Ningejibu ubaambie."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Wakashikana mikono kwa nguvu, wote wawili wakilia, na watu wakawapita na mizigo yao. Basi liliondoka na Mselem saa nane na robo.

Jumatatu Victorine alivaa sketi yake nyeusi ya kanisani, akapanda ngazi hadi ofisi ya shirika. Kwa Kiingereza chake cha sokoni alimsimulia mama msimamizi kila kitu, Ijumaa zote tatu. Mama yule akavua miwani.

"Kwa hiyo vipimo vyetu ni batili?"

"Ndiyo, mama. Mselem hakukosea kitu."

"Nikiandika hivi, tunaweza kurudia msimu ujao, na huenda wakamwita tena. Siwezi kuahidi." Akachukua kalamu. "Lakini lazima niandike ni nani aliyeingia. Nitahitaji kitambulisho chako."

Mlango ulikuwa wazi, na ngazi ziko karibu. Victorine aliutazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa makaratasi yake yaliyokwisha muda, na kuyaweka mezani.