Wali Uliokanyagwa

Kiatu cha kushoto ndicho kilichoanza kunuka. Martina alikiosha kwa sabuni ya unga, akakisugua kwa mswaki mkuukuu, akakianika dirishani, na kilipokauka kilinuka zaidi. Haikuwa harufu ya miguu. Miguu ya mchuuzi anayezunguka masoko ya Guangzhou kutwa nzima inanuka, hilo halina ubishi, lakini hii ilikuwa harufu ya kinywa, kinywa cha mtu aliyelala na nyama katikati ya meno, kisha akaamka na kukupumulia usoni.

"Kitupe bwana," alisema Imelda, mwenzake wa chumba, mama wa Mbeya anayenunua simu za jumla. "Hata chai hainishuki."

Martina alikitupa. Harufu ikabaki mguuni, na kila alipovua soksi Imelda alihamia upande wa pili wa chumba.

Lakini mguu ungeweza kusubiri. Kilichomnyima Martina usingizi ni pesa. Alikuwa amekuja kununua magauni ya harusi ya kwenda kukodisha Moshi, na mtaji wote ulikuwa kiinua mgongo cha mama mkwe wake, muuguzi mstaafu aliyezeekea wodi ya wazazi. Mama alimkabidhi mbele ya ukoo mzima, akamwombea, akamfuta machozi. Gauni la kwanza lilikuwa la Agape, kitinda mimba wa mama, ambaye ukumbi wa harusi yake ulishalipiwa. Pesa hiyo Martina alikuwa ameituma kwa mtu asiyemjua. Asingeipata, asingekuwa na uso wa kurudi nyumbani kwa mumewe.

Ilitokea hivi. Mwaka ule wa 2009 polisi walikuwa wakiwasaka wageni wenye viza zilizokwisha, na ya Martina ilikwisha wakati bado anapatana bei na kiwanda. Siku moja alikuwa kwenye kafe ya intaneti, uchochoroni nyuma ya jengo la Tianxiu, akimlipa laoban, yaani tajiri wa kiwanda, kwa huduma ya malipo ya mtandaoni. Alitumia akaunti ya Rodgers, mwanafunzi kutoka Arusha mwenye karatasi zake kamili. Mpokeaji alitambuliwa kwa namba ya simu tu. Martina aliinakili kutoka kwenye kadi ya tajiri huku begi likiwa begani, maana wasio na viza hawakuwa wakivua begi popote, sokoni wala kanisani. Mara mtu akapiga kelele mlangoni, "Polisi!" Mwenye viza angeisoma namba mara ya pili. Martina alibonyeza, akatimua mbio.

Alitokea mlango wa nyuma. Ulikuwa mwezi ambao wenyeji huwawekea wafu chakula kando ya njia na kuwachomea karatasi, na uchochoro wote ulijaa majivu, vijiti vya ubani na mabakuli. Mguu wake wa kushoto ulizama ndani ya bakuli la wali wenye mafuta, vuguvugu, ukateleza humo mpaka kifundoni. Hakugeuka nyuma. Alifika chumbani punje za wali zimemganda kwenye soksi.

Kesho yake tajiri wa kiwanda alitikisa kichwa. "Meiyou," alisema, hakuna, akamgeuzia simu yake aone mwenyewe. Rodgers alipofungua akaunti waligundua tarakimu ya mwisho imekosewa. Wenye huduma walijibu kwamba pesa iliyokwisha kupokelewa hairudi mpaka mpokeaji akubali, ama iletwe hati ya polisi.

"Basi twende polisi," alisema Rodgers, kisha akajishika mdomo. "Samahani dada. Nimesahau."

"Mwandikie huyo mtu. Mbembeleze. Mwambie nina watoto."

"Dada, huna watoto."

"Mwambie ninao!"

Rodgers akaandika kwa Kichina. Jibu lilikuja hapo hapo. Alilisoma, akakunja uso, akalisoma tena.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Anasema atarudisha kidogo kidogo. Ila kwanza... sijui huu ni utani gani. Anasema umrudishie wali wake ulioukanyaga. Uuweke nje ya mlango wako."

Martina hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za wali. Lakini alikumbuka machozi aliyofutwa na mama mkwe, akaenda kununua mchele.

Alipika mchana, akaweka bakuli nje, akafunga mlango kwa makomeo yote mawili. Misako ilikuwa imewafundisha wote kuishi hivyo, mapazia yamefungwa, redio imezimwa, mtu anakohoa ndani ya mto. Ikapita kama saa nzima ndipo kitu kilipokuja koridoni. Martina alidhani ni polisi. Lakini polisi huvaa viatu, na hiki kilikuja kikijikokota, chapa, chapa, kama kitambaa cha kupigia deki kinachoburutwa sakafuni, kikasimama mlangoni, kikatulia, kisha akasikia ulimi ukizunguka ndani ya bakuli, taratibu, bila haraka yoyote, ukisugua udongo mpaka bakuli likawa linalia.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Rodgers. "Dada, kweli bwana! Fungu la kwanza limeingia!"

Alipofungua mlango, bakuli lilikuwa jeupe pe. Aliliinua, na ute ukainuka nalo kutoka sakafuni, mrefu, unavutika kama bamia. Alikimbilia chooni akatapika. Kisha alinawa, akapaka mdomo rangi, akachukua pesa kwa Rodgers na kuipeleka kiwandani, ambako mafundi walianza siku hiyo hiyo kushona gauni la Agape.

Hivyo ndivyo alivyozoea, na kuzoea ndiko kunakotia kinyaa kuliko yote. Wali ukafuatwa na supu, supu ikafuatwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta, na nyama ikafuatwa na nyama iliyolala siku kadhaa kwenye mfuko, maana mlaji huyo aliandika kwamba nyama mbichi na mpya haina ladha. Kila bakuli lilileta fungu lake. Imelda alishinda Tianxiu kwenye ofisi ya ajenti wa mizigo, akirudi chumba kimepigwa deki na kinanuka dawa ya choo.

Siku moja Rodgers alipiga simu, sauti iko chini. "Dada, mimi nataka tuache. Huyu mtu mgonjwa."

"Anasema nini?"

"Anasema hana meno. Anasema..." Rodgers akausoma ujumbe upya. "Anasema umtafunie."

Martina alikaa kitandani. Nyumbani kwao bibi aliwatafunia wajukuu ndizi na nyama, na hakuna aliyeona vibaya. Alijiambia hivyo mara nyingi huku akikata vipande. Akapiga magoti mlangoni, akatia kipande mdomoni, akatafuna, akatema bakulini, akatia kingine, na kadiri alivyotafuna ndivyo alivyosikia, upande wa pili wa ubao wa mlango, mdomo mwingine ukitafuna pamoja naye, taya kwa taya, ukingoja alipongoja, ukimeza mate alipomeza, mpaka akawa hajui tena ni ulimi wa nani unaosogeza ile nyama shavuni mwake, na alipotaka kuacha taya zake zilikataa kuacha.

"Martina! Unafanya nini?"

Imelda alikuwa amelala, anaumwa kichwa, na Martina hakujua kama ameamka. Aligeuka na kidevu kinang'aa kwa mafuta. Aliangua kilio, akaeleza yote, na Imelda akasikiliza akiwa ameshikilia ukuta.

"Una wazimu," alinong'ona Imelda. "Unalisha shetani kwa mdomo unaopokelea sakramenti?"

"Polepole, atasikia. Limebaki fungu moja tu. Moja, Imelda."

"Moja! Usinisogelee. Nenda kanawe."

Imelda ndiye aliyemleta Abdulwakil, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Pemba, mjukuu wa bibi aliyesifika kwa kuagua. Aliingia, akaziba pua kwa mkono wa kanzu, akamtazama Martina mguuni kabla ya usoni.

"Dada yangu, huyu jini hajakuvamia," alisema kwa upole. "Ulimmwagia chakula, naye akataka fidia, ilikuwa haki yake. Fidia ilikwisha kwa bakuli la kwanza. Yaliyofuata ni biashara yenu nyinyi wawili. Mimi nitasoma, na ataondoka kama utavunja biashara. Mrudishie pesa yote aliyokupa. Kitakachobaki, au kitu kilichonunuliwa kwa pesa hiyo, ni mali yake, na mwenye mali hufuata mali yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ipo yote?"

Magauni yalikuwa tayari kiwandani, yamekunjwa kwenye mifuko ya plastiki, la Agape juu ya yote. Martina alikuwa na kitita kidogo tu kilichobaki kwenye akaunti ya Rodgers, cha kulipia kontena.

"Ipo yote," alisema.

Imelda alimtazama. Rodgers alipigiwa simu, akatuma kile kitita. Abdulwakil akafukiza ubani, wakaziba dirisha kwa shuka ili moshi usiwaite majirani, na majirani wasiwaite polisi, naye akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Chapa, chapa. Kile kitu kilikuja koridoni upesi safari hii, kikajitupa mlangoni, na wote watatu wakaona chini ya ubao, pale penye upenyo wa kupitisha barua, ulimi ukiingia, wa kijivu, mpana kama kiganja, umepasukapasuka na punje za wali zimeoza ndani ya mipasuko, ukapapasa kigae baada ya kigae, ukaonja mguu wa kitanda, ukaacha, ukaja moja kwa moja kwenye mguu wa kushoto wa Martina, ukaulamba kuanzia kisigino mpaka kwenye kidole gumba kwa mapenzi kabisa, kama ng'ombe anavyomlamba ndama, na Abdulwakil akapaza sauti bila kujali tena polisi wala majirani, jasho likimtiririka, mpaka ulimi ukajikunja na kurudi ulikotoka.

Harufu ikakatika. Imelda alifungua dirisha, na ikasikika tu harufu ya vitunguu vinavyokaangwa chini. Rodgers akapiga simu kusema mtu yule amejibu neno moja tu: sawa.

Martina alikopa kwa Imelda pesa ya kontena, na Imelda akampa ili aondoke. Mzigo ukapita bandari ya Nansha salama. Mwenyewe akalipa faini ya viza, akarudi Moshi. Mama mkwe aliambiwa kwamba sehemu ya pesa imeliwa na ushuru. Aliguna kidogo, lakini alipomwona Agape ndani ya lile gauni, lenye mkia mrefu wa lesi, alisahau ushuru, akapiga vigelegele.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Ukafika wakati wa keki, na mshereheshaji akamwita mama mzazi mbele alishwe na bintiye. Agape alichukua kipande kwa uma. Mama alifungua mdomo. Agape akakitia mdomoni mwake mwenyewe.

"Bibi harusi ana njaa jamani!" alitania mshereheshaji, na watu wakacheka.

Agape alitafuna. Alitafuna macho yamefumbwa, muda mrefu, mpaka vicheko vikaisha kimoja kimoja na mama mkwe akabaki amesimama mdomo wazi katikati ya watu. Kisha alitema donge kiganjani, limelainika, linavutika ute, akainama, akainua pindo la gauni kidogo, akaliweka chini ya lesi. Lesi ikatikisika. Martina, meza ya mbele, alisikia sauti aliyoijua ikisugua sakafu, na harufu ya kinywa ikampanda kutoka mguuni.

Simu yake ikatetemeka pajani. Ulikuwa ujumbe wa Rodgers.

"Dada, hongereni kwa harusi. Yule mtu ametuma pesa leo. Ile tuliyomrudishia na lile fungu la mwisho, yote, bila sisi kuomba. Ameandika kwamba ni mahari."

Martina aliusoma mara mbili. Na kitu cha kwanza alichohisi, kabla ya woga, kabla hajainua macho kumtazama wifi yake, kilikuwa furaha kwamba pesa ya mama imetimia.