Maiki ya Ndani ya Ngoma

Mnaosema mambo haya hayapo, kaeni hivyo hivyo. Mimi nilikuwepo, tena mchana kweupe.

Kaka yangu ni fundi wa kurekodi. Studio yake ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani, maiki tatu, na maneno ya mtu mwenye maiki thelathini. Siku hiyo alikuwa anarekodi ngoma za rafiki yake tunayemwita Radi. Maiki moja aliining'iniza juu, ya pili akaiweka nyuma ya bega la Radi, ya tatu akaipitisha kwenye tundu la ngozi ya mbele, ndani ya ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu.

"Tatu zinatosha," akatamba. "Wengine hununua maiki kwa sababu hawana masikio."

Nikamwambia aache majivuno afanye kazi.

Radi hakucheka. Alikuwa hajagusa ngoma tangu binti yake mdogo atumwe kiberiti dukani asirudi. Walimtafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Mkewe ndiye aliyemsukuma aje, angalau apumue.

Akavaa hedifoni, akaanza kupiga. Punde kaka akakunja uso. Akafunga maiki ya juu, akafunga ya nyuma, akaacha ile ya ndani peke yake. Akanivisha hedifoni zake.

Chini ya mdundo kulikuwa na mtoto.

"Baba," alinong'ona. "Usiache."

Sauti ile naijua. Alikuwa akija kwangu kusukwa.

Radi alishtuka, mguu ukasimama. Kimya. Akapiga tena, na mtoto akarudi.

"Usiache, Baba."

"Niko hapa, mwanangu. Siachi."

Akapiga. Jasho likamtoka, kisha machozi. Jua lilihama dirisha moja hadi jingine, yeye anapiga tu. Paja likaanza kutetemeka. Akawa anausukuma mguu kwa mkono, kama mtu anayesukuma mzigo usio wake. Mtoto akilia, Radi analia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimejiziba mdomo. Nilitamani nife.

Kaka akashika kisu cha kukatia nyaya.

"Usikate!" Radi alisema kwa sauti iliyokwisha. "Amesema nisiache. Hajasema tufungue."

"Mguu wako umeisha, ndugu yangu. Ukianguka je? Wacha nimtoe."

"Nakuomba. Bado naweza."

Kaka akaikata ngozi ya mbele.

Ngozi ikaachia. Mdundo ukafa. Ndani kulikuwa na blanketi la kupunguza mwangwi, na maiki. Basi.

Radi aliingiza kichwa mle ndani akaita, akaita, mpaka sauti ikamkauka. Kaka alifunga ngozi mpya. Radi akapiga mpaka tukambeba. Maiki haikuleta kitu, ila kwikwi zake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeokota ile ngozi iliyokatwa, ili nikaitupe. Nikaiinua dirishani. Ukiacha tundu la maiki, upande wa nje ulikuwa mzima, unang'aa. Upande wa ndani ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha ndogo, mahali pamoja, tena na tena, mpaka pamebaki pembamba kama utando wa maziwa.

Nikapagusa tu. Kidole kikatokea upande wa pili.